Farasi Aliyeletewa Vitumbua

Ipo siku moja ya ujana wangu hapa London, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani ingawa nywele zote zimeshanitoka. Ni siku ambayo rafiki yangu Bakari, Mpemba wa watu, aliniinamia katika mgahawa mmoja wa Edgware Road, akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza kwamba farasi wote wa Uingereza ni mali ya Malkia.

"Wote?" nikamuuliza.

"Wote, yakhe. Wa polisi, wa mashambani, hata vile vijifarasi vya watoto. Ukimgusa mmoja bila ruhusa, wiki haishi, wanakurejesha kwenu. Kuna Msomali mmoja alimpapasa pua tu. Tu! Sasa yuko Mogadishu."

Nikaamini. Nikaamini kama ninavyoamini kwamba nina mikono miwili. Bakari alikuwa amenitangulia kufika nchi hii, na alikuwa akibadilisha treni za chini ya ardhi bila kuuliza mtu wala kusoma ramani. Mtu wa namna hiyo utambishia nini? Tukiwa bado tumekaa, farasi wawili wa polisi wakapita nje barabarani, wakubwa kama makabati ya bibi arusi, nami nikaingiza mikono yangu chini ya meza isije ikasemekana imegusa kitu.

Unacheka. Lakini kwangu halikuwa jambo dogo. Mimi nimekulia upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kwenye shamba la ngano ambako baba yangu alikuwa saisi. Yeye ndiye aliyewasafisha farasi wa shamba, akawalisha na kuwatandika. Nilipanda farasi kabla ya kupanda baiskeli. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipoanza kutembea kwa miguu nilishangaa dunia ilivyo chini. Jioni baba alinipa farasi niwapeleke mtoni kunywa maji, na nikishapita kona ambayo haonekani, nilikuwa napiga mbio hadi tai walioko juu ya mlima wanageuza shingo. Kisha shamba likabadilisha mwenyewe, farasi wakauzwa, matrekta yakaja, na mimi nikaja huku.

Kwa hiyo fikiria adhabu hiyo. Kijana aliyezaliwa zizini anaishi katika mji wenye farasi, na akimwona farasi anavuka barabara kwenda upande wa pili. Baadaye nilipokuwa dereva wa basi Tottenham, siku moja farasi wa polisi alisimama ubavuni mwa basi langu kwenye taa nyekundu, akaleta pua yake hadi kwenye dirisha langu. Harufu ile ya jasho na ngozi na majani makavu ikaniingia, mwanangu, nikaona shamba lote, baba na ndoo yake, kila kitu. Nikafunga dirisha. Nilikuwa na mke, na visa yangu ilikuwa bado changa.

Miaka ikaenda. Nikapata karatasi zangu zote. Nikaingia shule ya usiku, nikafanya mtihani wa hesabu nikiwa nimevaa sare ya udereva, nikafaulu kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika hadi Barking. Cheti changu kipo sebuleni juu ya televisheni. Ukija utakiona kabla hujaketi. Pamoja na usomi wote huo, la farasi wa Malkia nilikuwa bado naliamini. Nilikuwa nalieleza kwa wageni wapya, kwa kuwahurumia.

Aliyenitoa gizani ni binti yangu Neema. Huyu amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake huja kwa Kiingereza. Tulikuwa mezani, nikawa namwonya mchumba wake, kijana mzuri wa watu, asije akathubutu kumshika farasi akiwa bado anasubiri karatasi. Neema akaweka uma chini.

"Baba," akasema, "hao ni mabata maji."

"Mabata gani?"

"Wale weupe wa mtoni, wenye shingo ndefu. Hao ndio ambao watu husema ni wa Malkia. Tena si wote. Farasi, mtu yeyote anaweza kumnunua."

Mke wangu, mama Neema, alicheka hadi akaenda kujishikiza kwenye friji. Mimi nikachukua simu, nikampigia Bakari.

"Bakari! Ni mabata!"

Nikasikia akikohoa.

"Yakhe," akasema mwishowe, "miye nilijua tu ni kitu chenye shingo."

Basi. Sasa uone nilivyopoteza ujana. Lakini sikukaa kulia. Jumamosi ile ile nilipanda treni hadi mwisho wa njia, nikapanda basi, nikatembea kwenye tope la Essex na viatu vyangu vya kanisani, nikafika kwenye mazizi ya mama mmoja aitwaye Maureen. Ni Mwingereza mwembamba wa rika langu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka wilaya ya jirani. Anatunza farasi wa watu na kufundisha wanaotaka kupanda.

"Umewahi kupanda?" akaniuliza.

"Mama, mimi nimezaliwa juu ya tandiko. Kule kwetu nilikuwa nikipita, vumbi lenyewe linaniomba nipunguze mwendo."

"Mara ya mwisho lini?"

Nikatazama mawingu. "Nilikuwa bado na nywele."

Akanipa kofia ngumu na kuniweka darasa la wanaoanza. Wenzangu darasani walikuwa watoto waliong'oka meno ya mbele. Mwingine angeona fedheha, akarudi nyumbani. Mimi nimesoma shule ya usiku, mwanangu. Nimeshakaa dawati moja na vijana wa umri wa binti yangu nikiuliza sehemu na asilimia. Nikapanda ngazi ya kupandia farasi, nikaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, nikajirusha.

Ndipo nilipojua mambo. Kichwa changu kilikumbuka kila kitu. Mguu wa kushoto ulikumbuka nusu. Mguu wa kulia haukuwa na habari yoyote. Ulibaki hewani, umenyooka, unangoja kuelezwa, mpaka Maureen akaja kuusukuma kama mtu anayeingiza kabati mlangoni. Nilipokaa hatimaye, farasi akapiga hatua moja, nami nikamshika shingo kwa mikono yote miwili, nikawa namsalimia kwa Kimeru. Binti mmoja mdogo akaniambia nisiogope, huyu hang'ati.

Kesho yake asubuhi mke wangu alisimama chini ya ngazi za nyumba akinitazama.

"Baba Neema, mbona unashuka kinyumenyume? Kuna nini huko juu unakiogopa?"

"Ninafanya mazoezi."

"Ya kuzikwa?"

Lakini nikarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mwili ulikuwa unakumbuka polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Siku moja farasi akaingia kwenye mwendo wa kuruka-ruka, nikajikuta ninainuka na kukaa naye bila kufikiri, hatamu zimetulia vidoleni, nikasikia kilio. Nilikuwa ninalia mimi. Nikawaambia wale watoto ni upepo.

Tokea hapo hakuna aliyeweza kunizuia. Nilitaka farasi wangu mwenyewe. Maureen alikuwa na jike mmoja aliyeachwa na mwenyewe aliyehamia ng'ambo, rangi ya chai ya maziwa, mfupi, mpana, mwenye manyoya miguuni kana kwamba amevaa suruali za bugaluu, zile pana chini. Anaitwa Rozi. "Huyu anakufaa," Maureen akasema. "Hana haraka na maisha." Namna nilivyomshawishi mama Neema sitaieleza hapa, ila bado naosha vyombo mpaka leo. Nikamnunua. Nikawa mwenye farasi. Mtoto wa saisi!

Siku ya kunikabidhi, Maureen alinipa sharti moja: "Usimpe kitu chochote cha kula bila kuniuliza. Farasi wa aina hii ananenepa hata akivuta pumzi."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema: haya, ndiyo mambo yao. Wewe umewahi kualikwa chai na Waingereza? Unapewa biskuti moja kwenye kisahani, na kopo linafunikwa mbele ya macho yako. Nikajua huu ni ubahili tu, umefika mpaka kwa wanyama.

Sasa unatujua sisi. Mtu akipata mtoto, akipata nyumba, akipata gari, watu wanakwenda kuona. Na hawaendi mikono mitupu. Kabla sijafika nyumbani, picha ya Rozi ilikuwa imeshazunguka kwenye simu zote za Watanzania wa London, na chini yake hongera zimejipanga. Jumapili ya kwanza akaja Bakari na mkewe, Bi Zuhura, kutoka Barking. Bi Zuhura amebeba ndoo ya vitumbua iliyofunikwa kitambaa.

"Yuko wapi bibi wa watu?" akauliza. "Tumekuja kumwona."

Rozi akaonja kitumbua. Akafumba macho. Akaonja cha pili. Wote tukapiga makofi.

Tangu siku hiyo akawa Bi Rozi. Wakaja kina mama wa kwaya yetu ya Tottenham na gunia la karoti. Wakaja wanafunzi na matufaha. Akaja muuguzi mmoja ametoka zamu, hajalala, na mkate wa zabibu. Mzee mmoja wa Kimanga alileta halua kwenye kikapu chake, akamlisha kwa mkono, akamsemesha kama mkwe. Watu walipiga picha, waliomba dua, walimpa habari za nyumbani. Na kila aliyefika alisema lile neno letu tamu: "Kanawiri!" Nami nikajibu: "Tunajitahidi."

Kila nikifika getini Bi Rozi alikuwa ananilaki kwa mlio ambao ungedhani mwanawe amerudi kutoka vitani. Nikawaambia watu: huyu mnyama ananipenda, hajapata kuonekana.

Siku moja Maureen akasimama karibu nami, mikono kiunoni.

"Loti, Rozi amenenepa."

"Asante sana!" nikamjibu, tena kwa kuinama kidogo.

Akanitazama kama mtu aliyemwambia mwenzake nyumba yako inaungua, akajibiwa karibu ndani.

Ikaja majira ya kuchipua. Asubuhi moja nikafika getini, nikaita. Hakuna mlio. Bi Rozi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amejirudisha nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyekanyaga jiko la makaa na hajui aiweke wapi. Nikamwendea. Akataka kunifuata, akainua mguu, akaurudisha. Mwili wote unatetemeka. Nikaushika ukwato wake. Ulikuwa wa moto kama birika.

Daktari wa wanyama akaja, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Akakagua kwato, akakagua shingo iliyojaa mafuta, akamsikiliza mapigo. Kisha akatueleza. Farasi wa aina hii, akila vitu vitamu na nyasi tele, huumwa ndani ya kwato. Kuna mfupa mle ndani unaoning'inia. Uvimbe ukizidi, mfupa unaachia na kushuka. Ukishashuka sana, hakuna tena la kufanya ila kumpumzisha. Unajua maana ya kumpumzisha.

"Umeshuka?" nikauliza.

"Bado. Lakini uko njiani. Amekuwa akila nini?"

Nikaanza kutaja. Karoti. Matufaha. Mkate wa zabibu. Halua, lakini kidogo. Vitumbua.

"Vi... nini?"

"Vya mchele," nikamwambia. "Vina iliki."

Maureen akaegemea ukuta, akafunika uso kwa kofia yake.

Bi Rozi akaingizwa bandani, juu ya maranda mengi laini ili kwato zipate nafuu. Chakula chake, nyasi kavu zilizolowekwa maji mpaka utamu wote utoke, tena kwa kipimo. Dawa asubuhi na jioni. Basi. Wala si punje nyingine. Daktari alipoondoka, Maureen hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Loti, ninajua unampenda. Lakini akipewa karoti moja tu, yeye anabaki na mimi na wewe unabaki na tandiko. Na labda hata mimi sitabaki naye."

Mwanangu, mimi nilichokifanya baada ya hapo hata shule ya mchana isingekifuta. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwenye kundi la simu: "Ndugu zangu, Bi Rozi ni mgonjwa. Tuombeeni." Nikaishia hapo. Kidole kilisimama juu ya maneno "msilete chakula", kikarudi. Nitamwandikiaje Bi Zuhura maneno hayo? Mama aliyetulisha sote tulipokuja hatuna kitu, ambaye sijawahi kutoka nyumbani kwake bila furushi! Kwetu sisi ukimkatalia mtu chakula alichokuletea umemwambia nini? Nikaona haya. Na wewe unajua nini huwa kinatokea tukisikia mgonjwa.

Jumapili basi dogo likaingia, limejaa. Walishuka na majiko, nusura niseme. Nikaona mapapai. Nikaona chupa ya uji wa ulezi. Nikaona asali. Na mbele ya wote, Bi Zuhura na ndoo yake, safari hii kubwa zaidi. Mimi niko ndani ya geti, mkono juu ya komeo.

"Fungua, Loti. Tumemletea mgonjwa chakula."

"Shemeji! Karibuni. Karibuni sana. Habari za Barking?"

"Barking ipo. Fungua."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Fungua geti."

"Na yule jirani yenu wa juu, mwenye mbwa?"

"Alihama mwaka juzi! Weye una nini leo? Ndoo nzito hii."

"Na njiani... foleni haikuwasumbua?"

"Bakari," Bi Zuhura akageuka, "mtazame rafikiyo, ana homa."

Wakati huohuo harufu ya iliki ilikuwa imeshavuka uwanja. Bi Rozi akaisikia kutoka bandani. Akalia ule mlio wake wa kulaki, na juu ya nusu mlango wa banda nikaona kichwa chake kinakuja mbele, masikio yamesimama, anataka vitumbua vyake. Akapiga hatua moja. Kisha nikaona kichwa kikishuka ghafla na kurudi nyuma. Alikuwa amekanyagia kwato zile zinazouma.

Mkono wangu ukaliacha komeo.

"Shemeji," nikasema, "sifungui."

Nikalishika geti kwa mikono yote miwili, nikawaeleza.

"Chakula chetu kinamuua. Karoti, halua, vitumbua, vyote. Daktari kasema. Akila tena kitu kitamu, kwato zake zitaachia, watamuua. Nilikatazwa tangu siku ya kwanza, nikadhani ni ubahili. Nimeshindwa kuwaambieni."

Bi Zuhura alitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Mkono wangu huu?" akasema polepole. "Huu unaua?"

"Mkono wako umelisha nusu ya Barking, shemeji, na wote wako hai. Mimi nikiwamo. Lakini huyu si mtu. Hawezi."

Akaiweka ndoo chini. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akageuka kuelekea kwenye basi, nami nikajua nimempoteza dada. Bakari akanisogelea getini.

"Ukashindwa kutwambia, yakhe?"

"Niliona haya."

"Haya! Si ungesema tu Malkia kakataza? Tungekusikia."

Mtu mmoja akacheka puani. Mwingine akamfuata. Lakini Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa basi, mgongo umetugeukia. Kisha akarudi, hatua kwa hatua, akaja mpaka getini, akashika nondo.

"Basi tumfanyie nini?" akauliza. "Maana hatukuja Essex kutazama tope."

Hilo swali, mwanangu! Mimi mwenye farasi, mtoto wa saisi, mwenye cheti juu ya televisheni, nilikuwa sijaliuliza hata mara moja. Aliyejibu ni Maureen, ambaye alikuwa amekuja nyuma yangu bila mimi kumsikia. Nikamtafsiria maneno ya Bi Zuhura, akatazama ile halaiki ya watu waliovaa nguo za Jumapili, mitandio, suti, viatu vinavyong'aa.

"Maranda yake yanatakiwa kubadilishwa," akasema. "Na mazizi yote hayajatolewa kinyesi. Msaidizi wangu anaumwa."

Ungewaona. Mashemasi wameshika matoroli. Muuguzi amekunja gauni lake la hariri, anakokota maranda kama amezaliwa kwa kazi hiyo. Wanafunzi wanabishana nani ana koleo. Bakari alipewa zizi la dume mmoja mkubwa, akachungulia ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika, hakika kabisa, kwamba ni mabata. Bi Zuhura hakutaka koleo. Alitaka kuoneshwa namna ya kuloweka nyasi. Maureen akamwonesha kipimo, na Bi Zuhura akakishika kile kipimo kwa namna anavyoshika kikombe cha mchele. Hakuongeza hata jani. Akampelekea Bi Rozi mwenyewe. Akasimama pale, anamsemesha, "Kula hivyo hivyo, mwanangu, ndivyo alivyosema daktari," na machozi yanamtoka.

Baadaye tukakaa kwenye marobota ya nyasi kavu, tukala vitumbua vyote sisi wenyewe. Aliyekula vingi kuliko wote ni Maureen. Niliona kwa macho yangu. Bi Zuhura alikuwa akimwongezea kila akitazama pembeni, na mama wa watu hakuwa na ubahili hata kidogo.

Mfupa haukushuka. Ilichukua muda, nami nilikuwa ninapanda treni na basi asubuhi na jioni kumpa dawa, mpaka dereva wa basi lile, mwenzangu wa kazi ya zamani, akaanza kuniuliza hali ya mgonjwa. Bi Rozi akapungua. Mbavu zake zikaanza kuhisiwa mkononi, na kwato zikapoa. Barking haikukosa Jumapili hata moja, wanakuja na glavu.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana wewe bado una miguu miwili inayokumbuka. Kama kuna kitu ulikiacha nyuma, kazi, masomo, nyumbani kwenu, mtu uliyempenda, na siku moja njia ikafunguka ukakirudia, kirudie. Usione haya kukaa na watoto wanaoanza. Lakini usirudi ukidhani kilikuwa kimekaa kinakungoja kama ulivyokiacha, wala usikimwagie mapenzi yote uliyoyaweka akiba. Uliza kwanza. Muulize anayekijua: huyu anahitaji nini leo? Ukiambiwa usimpe, usimpe, hata kama mkono unakuwasha. Na ikibidi kumkatalia mtu wa kwako ili kuokoa uhai, mkatalie mapema, kwa simu, akiwa bado hajakaanga. Mungu akupe kiti imara popote utakapoketi, akupe watu wa kukujia na ndoo zao, na akupe ulimi wa kuwaambia ukweli wakakupenda bado. Magoti yako yadumu kuliko yangu. Amina.

Nimebakiza neno moja. Siku daktari aliporuhusu nimpande tena, nilifika mapema, tandiko begani, mikono mitupu. Nikaita getini. Bi Rozi akainua kichwa kutoka kwenye nyasi zake, akanitazama vizuri kabisa, akainamisha kichwa akaendelea. Hakuna mlio, hakuna hatua. Nikasimama pale na lile tandiko, moyo umenidondoka ndani ya viatu vya mpira. Maureen alikuwa anapita na toroli.

"Haji tena," nikamwambia. "Tangu nimnyime vitu vyake amenikasirikia."

Maureen akamtazama farasi, akanitazama mimi.

"Hajakukasirikia, Loti," akasema. "Ameshiba."